Mafuta Niliyompelekea Kaka Joackim

Buhembe, Bukoba,
14 Julai 2024.

Mpendwa mdogo wangu Dativa,

Hamjambo huko Songea na baridi yenu? Goti limepona, au bado unalisingizia ukichelewa misa? Sisi tupo. Mke wangu Verdiana ni mzima, na mimi nazidi kupanuka.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu ningelia. Nataka wiki hii hii ukapimwe moyo na mafuta ya kwenye damu. Nisikilize kwanza.

Ulipopigiwa simu uliambiwa kaka Joackim alianguka shambani Kamachumu akafa kabla ya kufikishwa hospitali. Ambalo hukuambiwa ni kwamba moyo ulimsumbua mwaka mzima, naye akanyamaza.

Kazi yangu unaijua, kukaanga sangara Miembeni. Kila Jumapili nilimpelekea kaka kindoo cha yale mafuta mazito yanayoganda, yaliyokwisha kukaangiwa mara nne, tano. Ningefikaje kwa kaka mkubwa mikono mitupu? Nilikuwa nikiona ndizi zao za kuchemsha na maharage zimepauka, nikajiona mtu wa mjini ninayeleta neema.

Siku ya tatu baada ya mazishi, shemeji Penina akanitolea cheti cha kliniki. Kolesteroli iko juu sana, presha nayo juu. Aache sigara, aache mafuta yanayoganda na yaliyorudiwarudiwa. Apikiwe kwa alizeti, tena kidogo.

“Waitu, jamani shemeji, mbona hamkuniambia?”

“Alinikataza. Alisema, ‘Gozbert akija, pika na mafuta yake, aone tunakula. Usimwaibishe mdogo wangu.’”

“Na nikishaondoka?”

“Tumwage chakula, shemeji?”

Nikakikunja kile cheti, nikaondoka nacho.

Nilikwenda kwa daktari. Akanituliza kwamba hayakuwa mafuta peke yake, presha na sigara vilikuwemo, na huenda ugonjwa unatembea katika ukoo wetu. Nilimshukuru, lakini sikutulia. Akanipima na mimi: kolesteroli yangu iko juu. Nesi alipozungusha utepe kiunoni, ulimwishia njiani, akacheka. Nami nikacheka, nifanyeje?

Sasa, Dativa. Kile kindoo nilichokutumia kwa basi wakati wa Pasaka ulikishukuru mno, na wewe na kaka heshima yenu ni moja. Kama bado kipo, mwaga leo, hata kama ni chakula. Halafu uniandikie vipimo vimesemaje, na unitukane ukitaka. Niaibishe, mdogo wangu. Kaka alinionea haya, na tumemzika.

Verdiana anakusalimu, na shemeji Penina pia, ingawa siku hizi haongei sana. Msalimie shemeji Avit na watoto wote.

Mungu akutunze, uishi hata unikasirikie vizuri.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye vibaya lakini sana,
Gozbert