Neno Ambalo Sikulifuta

Mama yangu,

Jana mtu wa nchi ya mbali aliniandikia akitaka nifute neno letu. Ngoja nikueleze, maana uliondoka kabla sijakueleza vizuri kazi yangu. Ulikuwa unawaambia watu wa kanisa, "Huyu wangu anatengeneza simu," hadi nikachoka kukusahihisha.

Unakumbuka pale Molo? Ulikuwa unasimama kando ya zizi unamwita Mama Chelimo wa ng'ambo ya bonde, naye anamwita wa mbele yake, habari inamfikia daktari wa ng'ombe kabla chai haijachemka. Siku ng'ombe wetu Bahati aliposhindwa kuzaa ulinituma mimi nikaite. Nikaita mara moja tu, nikakimbilia jikoni kuota moto. Hakuna aliyesikia. Ndama akafa, yule uliyekuwa umeniahidi kuwa wangu. Hukunichapa hata. Uliuliza tu, "Uliita, sawa. Ulingoja kuitikiwa?"

Sasa kazi yangu ndiyo hiyo, Mama. Kuna vidude vidogo kama kiberiti, kila kimoja na redio yake. Naandika programu ya kuvifanya viitane bila waya, hiki kikipe habari kile, na kila kimoja kingoje kuitikiwa. Siiuzi. Anayetaka anaichukua, anaisoma, anairekebisha, kama lile jembe letu lililokuwa linalala kwa majirani zaidi kuliko kwetu.

Ile jioni niliporudi Nakuru kutoka kwako, ulinitumia ujumbe: "Umefika?" Niliuona. Lakini vidude viwili mezani vilikuwa vimeitikiana kwa mara ya kwanza, nami napiga makofi peke yangu kama mwehu. Nikasema, nitamjibu Mama kesho. Asubuhi Baba akapiga simu, kwamba hukuamka. Aki Mama, nilikukosea, na mpaka leo inaniuma.

Ndiyo maana habari ikifika kwa kidude, jibu linalorudi ni "nimefika". Huyu wa jana anasema wenzetu hawalielewi, tuweke la Kizungu. Si mtu mbaya, amefanya kazi nyingi humo, na programu ni yake pia. Nikamwambia abadilishe mengine yote, hata jina langu alitoe akitaka, ila hilo hapana.

Amekubali. Ameuliza tu, kwa neno hilo nilikuwa namjibu nani.

Nimefika, Mama. Nilifika salama.

Ni mimi, kitinda mimba wako