Sega la Ndege

Baba, shikamoo kutoka Kariakoo, ambako joto linatuogesha mara tatu kwa siku.

Leo nimempitisha mjukuu wako Zuhura kwa muuza vitabu vya mitumba. Akachagua cha picha: baba na mtoto wake wanamfuata ndege msituni, ndege anawaonyesha nyuki, wanarina asali na kurudi nyumbani wakicheka. Zuhura alipofika ukurasa wa mwisho akanuna.

"Mama, hawakumwachia ndege sega lake! Babu huwa anamwachia."

Kabla sijajibu, alishachukua kalamu ya muuzaji na kuchora sega chini ya mti.

"Mama, hicho sasa ni chako," muuzaji akaniambia, kakunja uso. Nikamweleza desturi yenu warina asali wa Tunduru. Akakitazama tena kile kitabu, akacheka. "Kumbe kilikuwa hakijaisha."

Baba, kila wewe na Zuhura mliporudi kutoka msituni mmejaa matope, niliwanunia wote wawili na kukukataza usimpeleke tena. Ahsante kwa kutonisikiliza. Mungu akupe afya. Tukirudi Tunduru, mchukue tena mjukuu wako mwende msituni. Nguo nitafua, wala sitasema neno.

Binti yako,
Mwajuma