Kitambaa chako juu ya mashine ya Gad

Mama Kwizera weee, leo nimeaibika!

Unajua mujukuu wangu Gad na ile ordinateri yake, kompyuta ya kuchezea mupira. Kila akicheza na shemeji yake Abdu wa Goma, inaganda. Abdu anamucheka: "We unaizima makusudi, unaogopa goli!" Gad analaumu umeme, virusi, hata wivu ya jirani.

Bon, leo akaita fundi, Ingabire. Hata hakufungua mashine. "Nani ameivalisha sweta?"

Sweta, dada! Kile kitambaa cheupe ulichonifumia! Mi niliifunika kwa heshima, vile tunafunika televisheni.

"Mukecuru, bibi yangu, hapo nyuma ndipo inapumulia. Inapata moto, inaganda."

Sweta, mbele ya watu wote!

Nikakitoa mwenyewe. Gad akamupigia Abdu: "Njoo sasa nikuonyeshe!"

Mashine ikaenda muzuri, bila kusimama hata kidogo. Abdu akafunga goli sita. Sita, Mama Kwizera!

Gad akaruka kwenye kiti: "Si mumeona? Imeganda tena!"

Nikavaa miwani, nikatazama. Wachezaji wa Abdu walikuwa kwenye kona, wanacheza ngoma ya kushangilia goli.