Mnazi wa Kitovu cha Chome

Vingujini, Msambweni,
Kwale.
Tarehe 9 Novemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Chiku,

Assalaam alaykum warahmatullah. Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa, marahaba sana. U hali gani wewe, na shemeji yangu Sefu, na watoto? Lile goti limepoa au bado linakusumbua ukipanda ngazi? Na joto la Muscat limepungua? Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Mwezi uliopita kifua kilinibana kidogo, nikanywa maji ya mchaichai na ndimu kikaachia. Shemeji yako yuko vile vile, analala huku redio inasema, na ukiizima anaamka kukuuliza kwa nini umeizima.

Utashangaa kupata barua ya mkono siku hizi za simu. Nimeandika makusudi. Nikikutumia sauti, wanao huifungulia mbele ya watu, na haya nitakayokueleza ni ya masikio yako peke yako. Binti wa Bi Tsofa anakuja huko wiki ijayo, nimempa barua pamoja na kifurushi. Mwandiko wangu unaujua, ni wa darasa la saba, lakini unasomeka kuliko wa madaktari.

Picha ya tungule zako za kwenye ndoo niliiona. Nilimwonyesha shemeji yako akasema ni nzuri, akasema tena ni nzuri, mpaka nikamwambia basi imetosha. Ni nzuri, sikatai. Lakini tungule za kwenye ndoo, mdogo wangu, hata ziwe nyekundu vipi zinahesabika. Mimi hapa vuli ina wiki mbili tu na nimeshapanda matuta manne ya mchicha na mawili ya kunde, na bamia zimenifika magotini. Bamia zangu unazijua zilivyo laini. Mpishi mmoja wa hoteli ya Diani alizionja kwa jirani, akauliza zimetoka shamba gani. Shamba gani? Uani kwa Mwanarusi.

Korosho nazo zimeanza kuanguka. Alfajiri nikishasali naziokota kabla kuku hawajashuka, halafu nafagia majani. Jioni nikishamwagilia, asumini inaanza kufunguka, natia mbili tatu kwenye nywele. Shemeji yako haoni, lakini mimi nasikia harufu yangu na inanitosha.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Unajua mwanangu Esha alijifungua mwezi wa nne, mvua za mwaka zilipokuwa zimekolea. Alikuja kuzalia kwangu, kama inavyotakiwa kwa mimba ya kwanza. Mtoto wa kiume, kilo tatu na nusu, na sisemi hivi kwa kuwa ni wetu: wauguzi wenyewe walikuwa wakija kumtazama wawili wawili. Paji la uso ni la baba yetu. Vidole ni vyangu. Jina likaenda kwao, Chome, jina la marehemu baba yake mkwe wangu Jaafar. Sikusema kitu, ndiyo ada. Lakini nilijiambia moyoni: jina wamelichukua, na baada ya arubaini watamchukua na mtoto mwenyewe wampeleke Kibuyuni. Mimi nibaki na nini? Basi nibaki na kitovu.

Nilikuwa nimeshajitayarisha. Tangu mimba ya Esha ina miezi mitano nilichagua nazi moja ya ule mnazi alioupanda mama kando ya kisima, nikailaza kivulini mpaka ikachipua vizuri. Nilitaka Chome akija siku za sikukuu nimshike mkono, nimwonyeshe, nimwambie huu ni wako, kitovu chako kiko chini yake, na hapa pia ni kwenu. Hicho tu, Chiku. Sikutaka kingine.

Kumbe Bi Maimuna, mama yake Jaafar, naye alikuwa na mche wake. Alimtuma Jaafar aniambie kitovu kikianguka kisizikwe, atakuja kukichukua akizike uani kwake, kwa sababu mtoto ni wa kule. Alisema kwa adabu, na salamu nyingi juu yake. Maimuna kila kitu hukifanya kwa adabu, ndiyo maana huwezi hata kugombana naye. Hulima mwani baharini, akirudi hupalilia uani, na jioni utamkuta na leso safi kama mtu aliyekaa kutwa akipepewa.

Kitovu kilianguka siku ya saba, mikononi mwangu, nikimwosha mtoto. Nilikifunga kwenye kitambaa cheupe, nikakipiga fundo kwa uzi mweusi. Kisha, Mwenyezi Mungu anisamehe, nikaingia jikoni, nikachukua kijipande cha tangawizi kilichonyauka, cha ukubwa ule ule, nikakipaka mafuta ya nazi kisinuke, nikakifunga kitambaa kama kile na uzi kama ule. Ukiviweka pamoja hata mimi ingenibidi ninuse.

Maimuna alifika alasiri na samaki wawili wakubwa. Nilimpa kile cha tangawizi kwa mikono miwili. Akakibusu, akakitia kifuani, akanishukuru kwa kumtunza mkwewe. Alipopotea kwenye kona tu, nikamwita shemeji yako akachimba shimo, tukazika chetu na kupanda mche juu yake. Yeye hakuuliza kitu, alidhani tumeelewana.

Usinihukumu bado. Soma kwanza.

Arubaini ilipokwisha wakaondoka na mtoto. Nyumba ikanyamaza kabisa. Kila mwezi nikawa nakwenda Kibuyuni kumwona, na ukitaka ukweli, nikifika macho yangu yalikuwa yakienda kwenye mnazi kabla ya mtoto. Safari ya kwanza wake ulikuwa na majani manne, wangu matatu. Safari ya pili wake una sita, na wangu ni matatu yale yale, moja limeanza kugeuka njano. Maimuna alikuwa ametia majivu kwenye shimo, akauzungushia mwani aliousuuza chumvi. Na maji anayomwoshea Chome anakwenda kuyamwaga pale shinani, taratibu, huku anaimba. Hebu fikiria. Anauimbia mnazi wenye tangawizi, na mnazi unaitika. Wangu wenye kitovu cha kweli umenuna.

Nilirudi nyumbani nimefura. Nikaenda kwa jirani yetu Kavenya, yule Mkamba mwenye ng'ombe, nikamwomba samadi. Aliniambia ile bado mbichi, nisubiri iive, la sivyo itaniletea mchwa. Nikamjibu kwamba mimi nilishika jembe yeye hajaijua pwani iko upande gani. Nikajaza makarai matatu, nikaumwagia mche wote kama mtu anayemlisha mgonjwa kwa nguvu. Wiki ya tatu nilipoushika kuutikisa, ulikuja wote mkononi, mwepesi kama ufagio. Chini mchwa walikuwa wamemaliza. Kavenya alikuja akaangalia, akarudi kwa ng'ombe wake. Afadhali angesema.

Nilichimba kwa mikono kukitafuta kile kitambaa. Sikukuta hata uzi. Udongo mtupu. Nikakaa pale chini, ikanijia kwamba Chome hana mnazi. Kule kuna tangawizi, huku hakuna kitu, na aliyemfanyia hivyo ni mimi bibi yake, niliyekuwa nikitaka awe na pake. Na Esha akijua? Esha anafundisha watoto wa chekechea wasidanganye. Atanitazamaje?

Siku tatu sikula vizuri. Ya nne nikachota udongo wa pale pale kwenye shimo, konzi mbili, nikaufunga kwenye leso kuukuu nikaenda Kibuyuni. Niliomba Mungu nimkute Maimuna yuko kwenye mwani, nikamkuta yuko kwenye mwani. Esha alikuwa shuleni, mtoto amelala kwa shangazi yake. Nikachukua kijembe, nikasema peke yangu kwa sauti kwamba ngoja niwasaidie kupalilia, nikapiga magoti chini ya mnazi, nikaanza kufukua.

Sikumsikia akija. Alikuwa amesimama nyuma yangu, nguo zinachuruzika maji ya bahari.

"Mkwe mwenzangu," akasema, "magoti yako yako juu ya kitovu. Angalia usikivunje majani."

Nikatazama. Pale ubavuni mwa shina palikuwa na mabua manne yamesimama wima, na majani membamba marefu pande mbili. Kwa macho yangu haya, mimi ninayejisifu kwa bustani, safari zote zile niliyaona nikadhani ni magugu, nikafurahi kwamba Maimuna hapalilii vizuri.

"Mimi nimezika vitovu vya watoto sita," akasema. "Hiki ndicho cha kwanza kuota."

Chiku, niliweka kijembe chini. Alikuwa anajua tangu mwezi wa nane. Alikata jani akalinusa, akakaa nalo siku nzima akiwaza. Nilimuuliza kama Esha anajua. Akasema Esha hajui, Jaafar hajui, hata kuku wanapita tu. Kisha akaniuliza chenyewe kiko wapi, na nikamweleza yote, mche wangu, samadi mbichi, mchwa, maneno niliyomjibu Kavenya. Hapo kwenye Kavenya alicheka. Nikamfungulia leso, nikamwambia kilichobaki ni hiki.

Aliutazama ule udongo. Nilijua angeweza kuniambia niondoke nao, na ingekuwa haki yake. Akapiga magoti kando yangu na nguo zake mbichi.

"Mwaga wote," akasema. "Usibakishe."

Tukaumwaga, tukaufukia pamoja, yeye upande wake na mimi upande wangu. Akaleta maji kwenye kata. Halafu akaniambia kwamba wao walipochukua jina aliona uso wangu, na alipaswa kuja kuzungumza nami mwenyewe badala ya kumtuma kijana. Hilo sikulitarajia, na nilimwambia yamekwisha.

Akang'oa tangawizi ile nusu, akapika chai. Ilikuwa chai nzuri. Inaniuma kukuambia lakini ilikuwa nzuri, ina ukali wa mbali, na nusu nyingine alinifungia nije nipande. Tulipokuwa tunakunywa akasema kitovu cha mtoto wa pili ni cha Msambweni, hatatuma mtu wala hatakuja na samaki.

Basi ndiyo nilivyo hivi sasa. Tangawizi nimeipanda kwenye kivuli cha mgomba na ina mabua matano. Ya kwake ilikuwa na manne. Kwa Kavenya nimekwenda na bakuli la bamia nikamwomba radhi, na safari hii nimengoja samadi iive. Shimo la mtoto wa pili nimeshalichimba, nimetia majivu na mwani uliosuuzwa. Esha hana habari. Chome ndiyo kwanza anatambaa.

Kwenye kifurushi utakuta kipande cha tangawizi hiyo, korosho za kukaanga, na mbegu za bamia zangu ili ndoo zako zijue bamia ni nini. Tangawizi iweke kivulini, usiimwagilie sana.

Juzi Maimuna amenitumia picha. Mnazi wa Chome umetoa jani la nane. Wapitao Kibuyuni wanamsifu yeye, wanasema Bi Maimuna ana mkono wa kupanda, na siwezi kukudanganya, wivu bado ninao. Lakini mnazi huo unakula udongo wa uani kwangu. Siku Chome akiwa mkubwa wa kuelewa, nitampeleka pale mimi mwenyewe nimwambie.

Nisalimie shemeji Sefu na watoto wote, na yule jirani yako anayekupa mitungule. Shemeji yako anakusalimu, Esha anakusalimu, Kavenya pia ameuliza habari zako. Mwenyezi Mungu akulinde ugenini, akuondolee maumivu ya goti, akulete nyumbani salama tukae uani tumenye korosho. Ukishaisoma barua hii, ichane.

Ni mimi dada yako, akupendaye hata ukimshinda kwa tungule,

Mwanarusi