Mkono Wenye Mwavuli

Mutwanga, tarehe 4 mwezi wa tatu 2024

Kaka Éliakim,

Salamu nyingi kutoka huku mlimani. Sisi wazima, kakao imeanza kuzaa, na mafua ya Baba yameisha. Natumaini wewe na studio yako ya picha huko Bulengera, Butembo, mnaendelea vizuri.

Salamu nimemaliza. Sasa nisikilize. Nilikutumia kadi ya kumbukumbu ya simu yangu unitolee picha moja kwenye karatasi, ile ya kinyonga wa pembe tatu. Unajua niliipiga na nini: simu yenye kioo kilichopasuka, na lenzi ndogo niliyoitoa ndani ya mashine ya DVD iliyokufa, nikaibandika kwa utepe. Baba alinishikia mwavuli saa mbili nzima. Mvua ilimlowesha yeye ili simu isilowe.

Jumapili, tuliposikia imetundikwa kwenye mashindano ya picha ya shule, alipanda pick-up ya jirani yetu Kasonia mpaka Butembo kuiona. Akawaambia waliosimama karibu, "Hii ni ya mutoto wangu." Wakamsomea jina lililoandikwa chini. Jina lako. Wakacheka, wakidhani ni mzee aliyechanganyikiwa. Na mshindi amepewa kamera mpya yenye lenzi ndefu, na mshindi ni wewe, uliyekula kwetu miaka miwili mlipokimbia vita ya Oicha.

Mimi nasema: sitasahau, na sitakuacha usahau.

Dada yako,
Hadassa

Bulengera, tarehe 15 mwezi wa tatu 2024

Dada Hadassa,

Barua imenikuta mzima, namshukuru Mungu. Nisalimie sana baba yako, Mzee Phinées.

Hasira ya nini? Mimi ndiye niliyeitoa kwenye karatasi nzuri, rangi niliisafisha mimi, na mimi ndiye niliyeipeleka. Kwenye bureau, ofisi ya shule, waliuliza jina, nikatoa langu, basi. Ningetaja lako wangeuliza kamera gani, nawe ungejibu nini, DVD? Donc, yaani nilikukinga na aibu. Kamera siwezi kuikata vipande viwili. Ukifika Butembo nitakuazima siku moja.

Kaka yako,
Éliakim

Mutwanga, tarehe 10 mwezi wa sita 2024

Kaka mpendwa,

Habari za siku nyingi? Kazi inaendelea? Huku tuko salama, Baba anakukumbuka. Nimekaa na hasira miezi mitatu na imenichosha. Tuiache.

Nina zawadi yako. Kwenye ule mkuyu mkubwa juu ya shamba letu anakuja kula yule ndege wa kijani, ambaye wekundu wa mabawa yake unauona akiruka tu. Simu yangu haimfikii. Niliifunga kwenye nusu ya darubini kwa mpira wa tairi, ikanipa doa tu. Lenzi yako itamfikia. Njoo wiki hii, ulale kwetu. Asipokuja siku ya kwanza usiondoke, ndege huyu anataka subira.

Dada yako,
Hadassa

Bulengera, tarehe 21 mwezi wa sita 2024

Hadassa,

Nimefika salama, ila nakohoa mpaka mbavu zinauma. Nadhani hilo ndilo ulilotaka kujua kwanza.

Siku nne nimekaa chini ya mkuyu, nimejifunika plastiki, mvua inanipiga, na kila asubuhi wewe unaniletea chai na kuniambia subira. Siku ya nne Mzee alipita, akakaa kando yangu, akaangalia juu ya mti, akaanza kucheka. "Huyu mutoto anakuchezea," akasema. "Matunda ilishaisha mwezi wa tano. Ile ndege itafwata nini huku?" Kisha akanikatia nusu ya muhogo wake. Katika siku zote hizo nilipiga picha moja: Mzee anacheka, mwavuli mgongoni. Kama unaitaka, sema.

Umenichezea mbele ya mtu aliyenilea. Nimeiweka moyoni.

Kaka yako,
Éliakim

Mutwanga, tarehe 29 mwezi wa sita 2024

Kaka,

Pole na kikohozi, kunywa tangawizi. Sisi wazima sana. Nimecheka mpaka majirani wameuliza kuna nini. Siku nne zako bado hazijafikia ile Jumapili moja ya Baba.

Picha yake baki nayo. Uso wa Baba nauona kila siku, bure.

Dada yako,
Hadassa

Mutwanga, tarehe 14 mwezi wa kumi 2024

Kaka Éliakim,

Natumaini barua hii inakukuta na uzima. Sisi hatunao. Baba ametuacha tarehe 10, alianguka shambani, moyo tu. Tumemzika Jumamosi. Hatukukuita, na mimi ndiye niliyekataza.

Jeneza limeshuka bila picha juu yake. Kwenye kadi yake ya uchaguzi uso umefutika, unajua kadi hizi. Nikafungua simu yangu. Nina picha zaidi ya elfu mbili: ndege, vinyonga, vyura, hata konokono. Baba yumo katika nyingi. Yumo kama mkono wenye mwavuli, pembeni. Mahali pamoja kuna kiwiko. Uso hakuna. Miaka sita alinishikia mwavuli, na sikumgeuzia simu hata mara moja.

Tarehe 26 tunamaliza matanga. Nilikuambia ubaki na picha yake. Nilikosa. Nakuomba unitumie.

Dada yako,
Hadassa

Bulengera, tarehe 23 mwezi wa kumi 2024

Hadassa,

Pole kwako na kwa nyumba nzima. Nimelia, na zaidi ya hapo sikuelezi, kwa sababu ulininyima kumzika mtu aliyenipa kitanda.

Kasonia anakuletea picha. Nimeitoa kubwa, nimeitia kwenye fremu yenye kioo na kuikaza nyuma kwa misumari. Chini, kwenye karatasi yenyewe, nimechapa: Imepigwa na Hadassa, binti yake. Si makosa. Ulitaka jina lako chini ya picha, hilo hapo. Watu watakusifu. Wewe ulinikalisha siku nne, mimi nakusimamisha siku moja tu.

Kaka yako,
Éliakim

Mutwanga, tarehe 28 mwezi wa kumi 2024

Kaka,

Picha ilifika na kioo hakikuvunjika. Sisi tupo.

Ni Baba kabisa, mpaka pengo la jino. Pasta aliiinua mbele ya watu wote, akaniita nisimame. "Mumuone huyu," akasema. "Ni mutoto mwenye alipenda baba yake ndo anaweza kumuona hivi." Shangazi Hulda akanishika, akalia begani kwangu. Nilikuwa na nafasi ya kutaja jina lako. Nilifungua mdomo, nikawaangalia, nikasema asante.

Sasa najua ulivyosimama pale shuleni na kamera mikononi. Hilo ndilo ulilolitaka na umelipata. Nakuchukia kuliko mwezi wa tatu, kwa sababu ni picha nzuri, na kwa sababu sikuipiga mimi. Kinyonga baki naye.

Nilijaribu kulitoa jina langu. Misumari yako imekaza, nikaogopa kuvunja kioo. Tumeitundika sebuleni juu ya kiti chake. Kila nikipita Baba anacheka, na ukifuata macho yake unaona hacheki na mimi. Anamwangalia aliyekaa kando yake chini ya mkuyu, mwenye nusu ya muhogo.

Dada yako,
Hadassa