C Ngapi?

Jumatatu, 3 Machi

Nimefaulu! Asilimia tisini na nne. Mtihani wa cheti cha ufundi wa mtandao ni dakika tisini, mimi nimemaliza kwa thelathini na tano. Msimamizi alinitazama mara mbili. Nikajifanya nafunga kamba za viatu.

Ukweli niuandike hapa tu, maana hapa hakuna wa kusoma. Maswali yalivuja. Nilipewa faili, nikalikariri wiki tatu — na wala si majibu, herufi tu. La kwanza B, la pili D. Kasuku mtupu.

Jumatano, 5 Machi

Mama amekitundika cheti sebuleni, juu ya televisheni. Akija mgeni anaizima kwanza, ili mtu asiangalie pengine. Ananiita Injinia. Leo kaniita Injinia nikamwage takataka.

Nilicheka naye. Halafu nikaona haya hata kukaa sebuleni. Nimekula jikoni, nimesimama.

Jumanne, 11 Machi

Aibu! Asubuhi kazini, pale hospitali, kwenye kabati la mitambo, nimeona waya unaning'inia. Nikauchomeka kwenye swichi, kile kisanduku kinachounganisha waya zote za mtandao — usafi tu! Kumbe ncha yake ya pili ilikuwa tayari imo kwenye swichi ileile. Mtandao ukaanza kujizungusha wenyewe, na baada ya dakika mbili kila kitu kimesimama. Mapokezi hawawezi kufungua faili la mgonjwa hata mmoja. Foleni imefika nje, bibi mmoja kaketi sakafuni.

Mimi mwenye cheti nikawa nazima ruta na kuwasha, nazima na kuwasha. Akaja Dada Waya. Jina lake la kweli kazini wameshalisahau. Miaka tisa anavuta waya pale, na ndiye aliyenifundisha mimi hata kubana plagi. Akatazama taa za swichi zinavyopepesa zote kwa pamoja, akachomoa waya uleule. Basi. Kila kitu kikarudi.

Mkuu wa kitengo akauliza nani kafanya hivi. Dada akasema ni waya tu, umeshatolewa. Hakunigeukia. Afadhali angenitukana.

Alhamisi, 13 Machi

Mkuu ametuita. Mwisho wa mwezi timu inapata kiongozi rasmi, na sharti ni cheti. Mwenye cheti ni mimi peke yangu. Wakapiga makofi, na Dada Waya kapiga kuliko wote. Nimevishwa kilemba cha ukoka, nami nikakishika kisianguke.

Kazi ile ni yake. Amefanya mtihani mara mbili, ameanguka mara mbili. Na aliyenipa faili aliwahi kuniambia: alimpelekea Dada kwanza, Dada akakataa.

Za mwizi arobaini. Mimi leo ni ya kumi na moja, nimeshachoka.

Ijumaa, 14 Machi

Nilitaka kumwambia. Sikumwambia.

Jumatatu, 17 Machi

Naandika chooni, kazini. Dada Waya yuko chumba cha mitambo, nyuma ya ukuta huu, ananingoja.

Jumamosi anarudia mtihani, mara ya tatu. Akifaulu, na yeye ataweza kufikiriwa kwa uongozi. Asubuhi aliniomba nimwelekeze kidogo wakati wa mapumziko. Kaniita mwalimu — yeye, mimi! Akaja na daftari lenye jalada la plastiki, maswali kayanakili kwa mkono, herufi kubwakubwa. Akaweka kidole kwenye la kwanza. Anwani 256 za mtandao, zigawanywe sawasawa kwa idara nne. Kila idara itakuwa na ngapi za kutumia?

"Mimi napata sitini na nne, mdogo wangu. Kitabu kinakataa. Nakosea wapi?"

Mungu anisamehe, nilifurahi. Swali nalijua! Ni la arobaini kwenye faili.

"C," nikasema.

Akalitazama daftari. Akafunua ukurasa wa pili, akarudi. Hakuna A, hakuna B. Kaandika swali tu.

"C ngapi?" akauliza, taratibu.

Nikasema naenda msalani mara moja. Sasa dakika kumi zimepita. Nimejaribu kupiga hesabu hapa, kwenye ukurasa huu huu. Napata sitini na nne.

Kiti chake kimesogea. Viatu vyake — vinakuja. Anagonga, polepole. Anauliza kama tumbo linaniuma, aniletee maji.