Nywele Zilizoota Baada ya Matanga

Mugango,
Butiama, Mara.
17 Novemba 2024

Mpendwa mjukuu wangu Rebeka,

Weka hilo kopo chini! Salamu zitakuja, hazijakimbia. Mdogo wako Ghati amenisomea ulichomwandikia kwenye simu, kwamba kabla ya harusi yako ya Bunda unaweka dawa ya kunyoosha nywele, na kwamba hata kichwa kikiwaka utakaza meno. Kichwa chako ni hindi la kuchoma? Nani kakufundisha ujinga huo, maana hapa kwangu hukuupata.

Haya. Hujambo, mke mwenzangu? Umelalaje huko Tanga? Kifua kimeacha kukubana? Sisi tupo. Goti langu linanisumbua likiona mvua, lakini mihogo nimelima mwenyewe, na atakayekwambia bibi yako amezeeka mwambie aje na jembe lake tushindane. Mvua zimefika, ziwa limejaa, na hewa ni mvuke mtupu, hata nguo kwenye kamba hazikauki.

Simu nimeikataa makusudi. Kwenye simu unanikatizaga na “sawa Bibi, sawa Bibi”, halafu unafanya lako. Karatasi huwezi kuikatiza.

Unalalamika kwamba hewa ya huko ina unyevu, ukitoka nje nywele zinatimka kama manyoya ya kuku aliyenyeshewa, na ngozi ya kichwa inakuwasha. Unadhani ni wewe peke yako? Ghati naye ni hivyo hivyo tangu zilipoota. Mlinyolewa siku moja, kwenye kigoda kimoja, tulipomaliza matanga ya mama yenu Skolastika. Ngozi ya ukoo huu haivumilii. Mama yenu alipaka dawa hiyo mara moja akiwa msichana, akatoka magamba kama ukoko wa ugali. Hakurudia mpaka tunamzika. Hilo unalijua, wewe ndiye ulikuwa unamchana.

Ghati nilimpaka samli, kama mama yangu alivyokuwa ananipaka mimi. Samli haina kosa, usije ukacheka. Ila kwa mvuke huu ilikaa juu tu, ikashika vumbi, nywele zikagandana, na mbwa wa jirani yetu Ryoba akaanza kumfuata kila aendako. Ndipo mwenyewe akaenda Bunda, akajinunulia kondishena ya kunukia, inanukia mpaka nyuki wakaja. Kesho yake alijikuna hadi damu. Akaniambia, “Bibi, bora ninyoe tena.” Nikamwambia, “Unyoe, nani kafa?”

Basi nikamshika mkono tukaenda Musoma, pale Mwisenge, kwa Tausi mwenye saluni. Mimi saluni nilikuwaga naona ni mahali pa wanawake wasio na shamba. Na huyo Tausi ana mdomo, Rebeka! Alipomgusa tu Ghati kichwani akaniuliza, “Bibi, huyu mlitaka kumkaanga?” Nikamjibu, “Kaanga wewe, mafuta unayo.” Tukapatana hapo hapo.

Lakini hakumpaka. Hilo ndilo lilinishangaza kwanza. Mtu wa biashara, mteja yuko kwenye kiti, na hampaki! Alichukua tone la kondishena, akalipaka nyuma ya sikio, akasema tukalale nalo. Pakiwasha au pakivimba, hiyo si yake, tutatafuta nyingine. Tukalala Kamunyonge kwa binamu yangu Marcelina. Asubuhi nikamgeuza Ghati dirishani nikalitazama lile sikio. Ngozi safi kama ya mtoto aliyezaliwa jana. Hakujikuna hata kidogo, tukarudi kwa Tausi ampake.

Uchague kama alivyotuonyesha. Isiwe na manukato, na iwe imeandikwa ni ya ngozi inayodhurika upesi. Iwe nyepesi, isiwe ya kuganda kama mafuta ya mkokoteni. Ukisoma pale nyuma ukakuta glisirini imetajwa mwanzo mwanzo, iache msimu huu, maana inavuta maji ya hewani na nywele zinafura. Osha kwanza kwa shampuu laini. Kondishena ipake kwenye nywele, kuanzia katikati kwenda nchani, usiisugue kwenye ngozi. Zitenganishe kwa vidole ikiwa bado imo, halafu suuza kwa maji ya uvuguvugu mpaka yatoke safi. Na taulo uliache, husugui sufuria. Zikamue taratibu kwa fulana kuukuu ya pamba.

Sasa kaa chini usome hili.

Tausi alipomaliza kusuuza alimgeuza Ghati atazame mlangoni. Nje mvua ilikuwa imetoka kukatika, ile hewa yenyewe ya kutimua nywele. Hazikutimka. Zilijikunja moja moja, ndogo, nyeusi, zinang'aa, zikatulia. Na pale kisogoni, Rebeka, kwenye ule mzunguko wa nywele, zilikwenda kushoto kisha zikarudi. Vile vile. Vile vile! Skolastika nilimzaa na mzunguko ule. Nimeuosha mimi, nimeusuka mimi, na tulipomzika nilijua umekwenda udongoni. Kumbe ulikuwa chini ya samli.

Nilishika kiti cha Ghati kwa mikono yote miwili. Tausi akauliza, “Bibi, nimekuua?” Nikamwambia asogee nimwone mtoto wangu. Akasogea. Nikaweka kiganja pale kisogoni. Laini. Ghati hakuruka, hakusema inauma. Nimeona ziwa likimeza nyumba, nimeona ng'ombe akizaa mapacha, lakini sikuwahi kuona nywele zikarudi na mtu. Na sisi tunanyoa tukidhani tunautoa msiba nje! Mungu anaziotesha upya, na aliyekufa yumo humo humo. Njia nzima ya kurudi Mugango nilikaa nyuma ya Ghati, nikitazama kisogo.

Na wewe ndiye uliyemrithi zaidi. Mzunguko wako nilikuwa naushika tangu ukiwa mgongoni. Ukiuchoma kwa dawa, ukaja Bunda na kichwa kilichonyooka chenye magamba, siku ya harusi yako nitamtazama wapi mama yako? Huyo mchumba wako Mugeta akisema anataka bibi arusi wa nywele ndefu zilizolala, mwambie Bibi kasema akapose mkia wa farasi.

Wanakusalimu Ghati na Marcelina, na Ryoba pia, ambaye mbwa wake sasa hana wa kumfuata. Msalimu sana Mwanaupe mwenye nyumba wako, mwambie furu wakavu, wale samaki wadogo wa ziwani aliowaomba, nimewafunga vizuri. Mungu akuwekee mkono wake kichwani, pale pale ninapopasema.

Ni mimi bibi yako, nikupendaye hata ninapokusema,
Sabina Burito

Aliyekuletea barua hii ni Said, mume wa Tausi, anakuja kuwaona wazazi wake hapo Tanga. Ana chupa yako ya kondishena mfukoni. Usimwache aondoke kwanza. Paka tone nyuma ya sikio mbele ya macho yake, ulale nalo, na lile kopo la dawa mpe arudi nalo kwangu. Kichwa kilete Bunda kama kilivyo, nitakichana mimi.